Pazia la Kiherehere

Jumapili, saa nane mchana

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama kando ya meza ya kukatia nguo kama kawaida yako, maana ni ndefu, na sehemu zake nyingine hazifai kusomwa na mtu aliyeshika mkasi. Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, na kile kikohozi kiliisha chenyewe. Habari za macho yako? Uliandika kwamba siku hizi ni mpwa wangu anayekutungia uzi kwenye sindano, na kwamba anakusimanga kila akifanya hivyo. Msamehe, amerithi mdomo wa nyumbani. Mtihani wake umekwendaje? Mwambie swali lake nimelipata na nitalijibu humu humu.

Najua umenikasirikia. Miezi saba sijakuandikia, na ukinipigia simu nakujibu maneno mawili matatu kisha nasema niko kazini, hata siku za mapumziko. Umemwambia mpwa wangu kwamba labda nimevimba kichwa tangu nitoke gazetini. Sikuvimba kichwa, Dada. Hii ni mara ya nne naianza barua hii. Leo tangu asubuhi nimefua mashati yaliyokuwa safi, nimehamisha kitanda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kukirudisha, nimekwenda dukani kununua sabuni nikarudi na viberiti. Siwezi kukaa kitini kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kwa hiyo nikiruka kutoka jambo moja hadi jingine, nivumilie.

Nianze na kazi, kwa sababu huko ndiko kulikotokea yote.

Majirani zako wanadhani nakesha nikichungulia darubini. Wala. Darubini iko juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa basi la wafanyakazi. Mimi niko mjini, kwenye chumba cha chini kabisa cha jengo la idara, ambako dirisha liko usawa wa njia na tunachokiona kutwa ni viatu vya wapita njia. Picha zilizopigwa usiku hutufikia asubuhi, nami kazi yangu ni kuzipima: nyota hii imetoa mwanga kiasi gani dakika hii, kiasi gani dakika inayofuata. Namba tupu. Miaka sita nimepima namba, na yule unayemsifu kwa wateja kwamba anaongea na nyota huwa anaongea zaidi na kikokotoo.

Nyota ninayoipima ni ndogo kuliko jua letu na haina ukali wake. Rangi yake ni ya chungwa, ndiyo maana ofisini tunaiita Chungwa, kwa kuwa jina lake halisi ni namba ndefu kama ile iliyo nyuma ya jokofu. Ni jirani yetu kwa hesabu za nyota, yaani mwanga ninaoupima leo ulianza safari kabla wewe hujazaliwa. Na karibu yake, karibu mno, inazunguka sayari kubwa kupita hata Mshtarii, iliyo kubwa kuliko zote za jua letu. Inamaliza mzunguko kwa siku mbili na saa kama tano. Huo ndio mwaka wake mzima. Tumeiita Kiherehere. Kwa kalenda ya huko, Dada, wewe una miaka karibu elfu tisa, na bado hutaki kuvaa miwani.

Mpwa wangu aliuliza kama mtu anaweza kusimama juu yake. Hawezi. Haina ardhi, ni hewa juu ya hewa. Joto lake linayeyusha risasi na upepo wake unaishinda risasi mbio. Ya kwanza ni ile ya fundi bomba, ya pili ni ya bunduki. Rangi yake wanasema ni ya buluu nzuri sana, lakini sisi hatuioni. Tunachoona ni kwamba ikipita mbele ya Chungwa, mwanga wa nyota unapungua kidogo, kama sehemu mbili na nusu katika mia, unakaa hivyo kwa muda usiofika saa mbili, halafu unarudi.

Sasa, mwaka jana niliona kitu. Muda mfupi kabla Kiherehere hajaanza kupita, mwanga ulishuka kidogo, kidogo sana, ukarudi, ndipo mpito wenyewe ukaanza. Nikafungua picha za wiki zilizotangulia. Kipo. Nikafungua za mwezi uliopita. Kipo. Nikamwita jirani yangu wa meza aje aangalie, na kabla ya saa sita jengo zima lilikuwa na habari.

Mkuu wa idara alishuka ngazi mpaka kwenye chumba chetu. Ni mtu mrefu, mpole wa kuongea, na katika miaka sita sikuwahi kumwona huko chini. Alisimama nyuma ya kiti changu akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akasema huenda joto la nyota linavuta hewa ya sayari ikatangulia mbele yake, kama pazia. Neno hilo likashika. Tangu siku hiyo watu wote wakawa wanasema Pazia, Pazia la Kiherehere, na mimi ndiye mwenye Pazia.

Mtu mmoja tu hakufurahi, na huyo unamfahamu kwa barua zangu. Ni Fundi, yule anayetunza darubini na kamera yake, aliyenipokea nilipofika hapa sijui pa kulala, akanitafutia chumba na kunipa godoro la mwanawe. Ndiye aliyenifundisha kusafisha kioo bila kukigusa. Siku ya pili alikuja na koti lake la kazi akaniambia, mbele ya wote, kwamba pazia letu liko kwenye kamera, haliko angani. Alieleza kwamba kamera hupozwa sana, na ule mpira unaozuia unyevu usiingie umechakaa. Ameomba mwingine mpya mara mbili. Kwa hiyo kila kamera inapowashwa, kioo chake hupata ukungu mahali pamoja, kama miwani ya mtu aliyefunua sufuria. Baada ya dakika chache ukungu huondoka. Na mahali hapo ndipo tunapoiweka Chungwa kila siku. Akataka kamera iwashwe siku ambayo Kiherehere hapiti, tuone kama pazia litakuja peke yake.

Mkuu alijibu kwamba darubini ina foleni ya watu, haiwezi kuwashwa kwa ajili ya shaka. Akanipa mimi wiki moja nichunguze namba zilizopo, kisha tukutane.

Kikao kilifanyika Ijumaa asubuhi, watu tisa kuzunguka meza ndefu. Nilisimama nikasema nimechunguza na sikuona dalili ya ukungu wa kamera. Fundi alikaa mwisho wa meza, kofia yake mapajani. Hakubisha. Aliuliza swali moja tu:

“Umeangalia zote?”

Nikajibu nimeangalia zote.

Baada ya hapo mambo yalimwendea vibaya. Aliandika barua kwa wakubwa wa juu, ikarudishwa kwa Mkuu. Wakaanza kusema ana wivu, ana uchungu wa kukaribia kustaafu, anataka kuonekana. Hakuna aliyejiuliza mtu gani anasimama kusema kazi ya mikono yake mwenyewe ina kasoro kama haina. Wakamwondoa kwenye darubini wakampeleka stoo, akawa anahesabu viti vibovu. Miezi miwili baadaye aliandika ombi la kustaafu mapema. Walimfanyia hafla ndogo ya kumuaga. Sikwenda. Nilisema tumbo linaniuma.

Yaliyobaki unayajua. Ukumbi, makofi, picha yangu gazetini nikiwa nimevaa shati ulilonishonea wewe. Nikapandishwa cheo, nikapewa nyumba ya vyumba viwili yenye uwanja nyuma. Nikakuandikia uje ukae nami, uache kuyaumiza macho, na ukajibu kwa furaha ambayo nilishindwa kuisoma mpaka mwisho.

Hapa niliinuka, Dada. Nimeuzunguka uwanja wa nyuma sijui mara ngapi. Sasa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la nguo, na nisipolisema sasa sitalisema.

Niliangalia zote. Hapo sikudanganya. Zilikuwa safari kumi na nne. Katika kumi na moja, kamera iliwashwa muda uleule, kama nusu saa kabla ya Kiherehere kupita, na pazia lilikuja muda uleule. Lakini mara tatu Fundi aliwasha mapema, saa mbili kabla, na mara hizo tatu pazia nalo lilikuja saa mbili kabla. Halikuwa linamfuata Kiherehere. Lilikuwa linafuata kidole cha mtu aliyebonyeza swichi.

Nilielewa palepale. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, chai yangu bado inatoa mvuke. Nilikaa nikaangalia viatu vikipita dirishani, halafu nikaziondoa zile tatu kwenye orodha. Pembeni nikaandika: hali mbaya ya hewa. Anga ilikuwa safi siku zote tatu.

Sikushurutishwa na mtu. Mkuu hakunikonyeza, wala hakujua kwamba nimeziondoa. Ningeweza kukuambia kwamba nilifanya kwa ajili yako, kwa sababu ulikuwa umeshawatangazia wateja wote, lakini huo ungekuwa uongo mwingine, na ningekubebesha wewe mzigo wangu. Nilifanya kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alishuka ngazi kuja kusimama nyuma ya kiti changu, na nilitaka aendelee kushuka.

Nilidhani itapoa. Haikupoa. Kila baada ya siku mbili na saa tano kuna kitu kinanigonga kifuani. Hata nikiwa sokoni, bila saa mkononi, najua kwamba sasa hivi Kiherehere anapita. Nilibadilisha meza ofisini mara tatu. Nilikuwa naanza kula naacha, naanza kusoma naacha. Nikimwona mtu yeyote mwenye koti la kazi mbele yangu njiani, navuka upande wa pili.

Wiki tatu zilizopita ilinifikia barua kutoka kituo kingine, mbali. Ni mwanamama mtafiti, sijawahi kukutana naye. Aliandika kwa adabu kubwa kwamba ameitazama Chungwa kwa darubini yake safari tano na hajaliona pazia. Ametengua kila kitu na kuanza upya, amemsumbua sana fundi wake, na anaomba nimsaidie kujua yeye anakosea wapi. Alinishukuru kabla sijamjibu. Dada, yule mtu alikuwa anatafuta kosa lake, na kosa lenyewe nilikuwa nalo mimi kwenye droo.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda kwa Fundi. Nilimkuta sebuleni, amelaza feni mezani, skrubu zake amezipanga kwenye kisahani. Mkewe alinikaribisha, akanitazama usoni, akaenda zake jikoni bila kuuliza neno. Nilimweleza Fundi yote nikiwa bado nimesimama. Aliendelea kufungua feni. Nilipomaliza akauliza:

“Mara ngapi?”

“Tatu.”

“Mimi nilihesabu nne.”

Nikamwambia ile ya nne kulikuwa na mawingu kweli, haikutoa picha, ndiyo maana haimo katika zile kumi na nne. Akafikiri kidogo, akasema ni kweli, mawingu yalikuwepo.

Kumbe ana daftari. Kila alipowasha kamera aliandika saa na dakika kwa mkono wake. Alinieleza kwamba alimpelekea Mkuu daftari hilo, naye akamjibu kwamba maandishi ya kalamu hayawezi kushindana na vipimo vyangu. Nikamuuliza kwa nini hakuja kwangu. Hapo ndipo alipoinua macho kwa mara ya kwanza.

“Nije nikuambie nini? Namba ulikuwa nazo wewe.”

Nikamwomba radhi. Alinipa kisahani nishike, akafunga skrubu zote moja moja, akawasha feni, ikazunguka. Kisha akasema mkewe amepika kidogo leo. Nikaelewa, nikaaga.

Jumatatu asubuhi nilipanda ngazi kwenda kwa Mkuu. Alifunga mlango. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji. Akasema mambo kama haya hurekebishwa taratibu, kwamba tunaweza kutoa vipimo vipya mwakani na kuliacha pazia life lenyewe, bila kelele. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole, na nakiri kwa dakika nzima niliitamani hiyo njia. Kisha nikamwambia kwamba asubuhi hiyo, kabla ya kupanda kwenda kwake, nilikuwa nimeshamjibu yule mwanamama kwamba hajakosea mahali popote. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema Fundi, na karibuni dada yangu.

Hakunifokea. Nilitamani anifokee. Alisema tu kwamba alikuwa amejivunia sana kuniona nakua, akanionyesha mlango.

Alhamisi nikapewa barua. Cheo kimeondolewa. Nyumba niirudishe mwisho wa mwezi. Pazia litafutwa hadharani, na jina langu litatajwa pamoja na sababu. Kuna kamati itakayonisikiliza kabla ya kuamua kama nitabaki kwenye kile chumba cha chini au nitaondoka kabisa. Mimi nadhani nitaondoka.

Kwa hiyo, Dada, nakuomba usifunge mizigo. Uliandika kwamba mwisho wa mwezi utamwachia mwanafunzi wako chumba cha kushonea, cherehani na wateja. Usimwachie. Ikiwa umeshampa ufunguo, mweleze kwamba mdogo wako ndiye aliyeharibu, si wewe uliyegeuka. Sina nyumba ya kukupokea. Kujua kwamba nikikiri utaikosa ndiko kulikonichelewesha kuandika kuliko hata gazeti. Na watu wakikuuliza, usiseme nilikosea. Yule mwanamama alidhani amekosea, akatengua kila kitu aanze upya. Mimi nilidanganya. Sema hivyo tu, kisha wape nguo zao wakajaribu.

Nimeamua kuandika bila kuficha, kwa hiyo nimalizie na jambo la leo, kabla sijaanza kufua tena.

Asubuhi, nikiwa nimekishika kile kitanda katikati ya chumba, mlango uligongwa. Alikuwa Fundi, na koti lake la kazi. Hakuingia. Aliniambia Mkuu amemfuata nyumbani kumwomba aje abadilishe ule mpira na kusafisha kamera, na kwamba amekubali siku moja tu. Nilianza kusema nilichotaka kusema tangu Jumamosi ile, akaninyamazisha kwa mkono. Alisema hajanisamehe, hajui kama atanisamehe, na nisimuulize kila tukionana kama mtoto aliyevunja sahani. Halafu akasema amemweleza Mkuu kwamba hataigusa kamera mpaka na mimi niwepo. Nikauliza kwa nini.

“Ulilificha lile doa la ukungu,” akasema, “kwa hiyo hakuna anayejua lilipo kukushinda wewe.”

Ni Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, kule kilimani. Akaniagiza nibebe namba zote kumi na nne, akageuka, akashuka ngazi polepole kwa ajili ya goti lake. Basi la wafanyakazi huondoka saa mbili. Sijui kama kitambulisho changu bado kinanipa haki ya kulipanda. Wakinikatalia nitapanda kilima kwa miguu.

Nisalimie mpwa wangu, mwambie aendelee kukutungia uzi na apunguze masimango. Nisalimie mwanafunzi wako na wateja wote, hata wale watakaonicheka. Wewe nakuombea usingizi mzuri na mchana wenye mwanga wa kutosha kazini kwako. Ukiwa na hasira, niandikie nikiwa bado kwenye anwani hii. Ukinyamaza pia nitaelewa, ila itaniuma zaidi. Kwa heshima zote nilizonazo kwako, na mapenzi ambayo sijui kuyapima,

Ni mimi mdogo wako, yule uliyemwita tangu utotoni
Maswali